Iliingia, Haikuwaka

Mwanzoni mwa Novemba 2025, mama mwenye stesheneri kando ya barabara ya KCMC hapa Moshi alishuka kwenye bajaji mbele ya banda langu la ufundi wa kompyuta, kompyuta kaifunga kitenge na kaipakata kama mtoto mgonjwa. "Mdogo wangu, nimekuletea CPU. Imekufa." Huku kwetu boksi zima ndilo CPU, na mimi nilishaacha kubishana na mtu juu ya hilo. Siku hiyo lakini neno lilituchelewesha kidogo, kwa sababu ugonjwa ulianzia kwenye CPU ya kweli, yaani prosesa, ile ndogo kama biskuti inayokaa ndani.

Mkononi alikuwa na mfuko wa pili. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya zamani ndani ya bahasha ya kaki, vipande viwili vya zamani vya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, vilivyofungwa na mpira wa kufungia noti, na kadi ya grafiki ikiwa bado kwenye boksi lake. Prosesa mpya na RAM mpya zilikuwa tayari zimekaa kwenye mashine.

Mashine ni Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba ya maofisini, aliyoinunua mtumba miaka mitatu nyuma. Ilikuja na prosesa ya Core i5-6500, RAM ya GB 8 kwa vipande viwili vya 4, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Kwa kuchapa barua, ripoti za field za wanafunzi wa Chuo cha Ushirika na picha za pasipoti ilimtosha kabisa. Halafu akaongeza kadi za mwaliko, na si za karatasi tu: hizi za video zinazotumwa WhatsApp, maharusi wanachomoza kwenye maua huku muziki unalia. Anayeijua Moshi anajua Desemba ni nini. Watu wanarudi nyumbani, na kila kihamba, shamba la ukoo, kina sherehe, kama si harusi ni kipaimara, kama si kipaimara ni ubarikio. Oda zilianza kuingia Oktoba, na mashine ikaanza kuganda.

Juu ya hapo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta ikawa inamwambia kwamba haina sifa za kupokea Windows 11. Mama akampigia kaka yake Dar.

Huyo kaka si mjinga, na nataka hilo lieleweke, maana kisa hiki kikisimuliwa haraka anaonekana mjinga. Alisoma kwanza. Alisoma kwamba kwa upande wa Intel, watengenezaji wa prosesa hizi, orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. Alisoma kwamba i5-6500, ya kizazi cha 6, inakaa kwenye soketi (kitako cha prosesa kwenye madabodi, bodi kuu ya mashine) ya LGA1151. Akatafuta prosesa ya kizazi cha 8 yenye soketi hiyohiyo, akaipata: i5-8400, LGA1151, viini (sehemu zinazofanya hesabu) sita badala ya vinne, wati 65 kama ile ya zamani. Kila namba ilikubaliana na mwenzake. Akaongeza RAM mbili za GB 16, DDR4 kama mashine inavyotaka, kwa bei iliyomfurahisha mno. Kwa ajili ya video akachukua kadi ya grafiki GTX 1060 ya mtumba. Akavifunga, akavituma kwa basi.

Kijana wa pale stesheneri akafungua mashine na kubadili vyote kwa mpigo. Prosesa iliingia. RAM iliingia. Kadi ya grafiki ikakataa, wakaiweka pembeni. Wakabonyeza kitufe: feni ikazunguka, taa ya kitufe ikapepesa rangi ya chungwa, skrini nyeusi. Wakarudisha prosesa ya zamani. Bado nyeusi. Wakarudisha mpya. Ndipo bajaji ikaitwa.

Kilichonisumbua katika maelezo yake ni hicho cha kurudisha ya zamani na mashine kukataa. Kama kosa lilikuwa prosesa isiyolingana, ya zamani ingewaka. Nilipouliza zaidi, nikagundua kwamba walirudisha prosesa lakini RAM mpya waliziacha. Vitu vitatu vikibadilishwa pamoja, huwezi kujua nani anamponza nani, na wao walikuwa na makosa mawili yanayofichana: ukitibu moja, la pili linakupa dalili ileile.

Nikatoa bonge la kupozea, nikafuta pesti ya zamani, nikanyanyua i5-8400. Kabla sijarudisha chochote nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwenye soketi kwa upande. Kwenye prosesa hizi za Intel pini hazipo kwenye prosesa. Zipo kwenye madabodi, 1151, nyembamba kama unywele, zote zimeinama upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ukimulika kwa upande zinang'aa mistari kwa mistari, na panapoharibika mng'ao unakatika. Mng'ao ulikatika karibu na kona. Pini mbili zilikuwa zimelala, moja imeigusa jirani yake. Prosesa ilitolewa na kurudishwa mara tatu na mtu aliyekuwa akizidi kuchanganyikiwa. Mojawapo ya hizo mara iliteleza.

Kazi ya kunyoosha pini siipendi. Nilitumia sindano ya kushonea na kamera ya simu nyingine iliyovutwa karibu, nikisukuma kidogo, naangalia, napumzika. Pini ikikatika, madabodi nzima inakuwa kopo. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma yangu akisimulia habari za kitchen party ya Jumamosi, na mimi nikamwomba, kwa heshima zote, anyamaze dakika kumi. Akanyamaza ishirini.

Nikarudisha i5-6500, pesti mpya, RAM moja ya zamani. Ikawaka. Nikaongeza ya pili, BIOS, programu ya madabodi inayoamka kwanza, ikasoma GB 8 zote. Hiyo ilinipa pumzi, kwa sababu pini zilizolala mara nyingi hula njia moja ya RAM: mashine inawaka, lakini kipande kimoja hakionekani, na mtu anaishia kulaumu RAM.

Sasa tulikuwa na mashine ileile ya mwezi uliopita, nzima na nzito. Hapo nikafanya jambo ambalo katika msafara huu wote halikuwa limefanyika: nikaangalia inalemewa na nini. Nikamwambia mama aketi afanye kazi yake kama kawaida. Akafungua Photoshop, akafungua kivinjari chenye madirisha kumi na kitu, WhatsApp, na kadi ya video aliyokuwa akiitengeneza. Mimi nimefungua Task Manager pembeni, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinabeba mzigo kiasi gani. RAM ilijaa mapema. Diski ikapanda asilimia 100 na kukaa hapo, haishuki. Prosesa, ile waliyoichukia kiasi cha kutafutiwa mbadala Dar, ilikuwa inatembea chini ya asilimia 40.

Maana yake ni kwamba RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndiyo kitu chenye mwendo wa kobe kuliko vyote ndani ya boksi hilo. Prosesa inakaa inasubiri. Ungeiwekea hapo prosesa ya viini sita inayokubalika, ingesubiri kwa viini sita.

Jioni kaka akapiga simu, nikawekwa kwenye spika.

"Fundi, shikamoo ya kazi. Hiyo prosesa ni 1151, na huko ni 1151. Tatizo liko wapi?"

"Kaka, namba ya simu yako ina tarakimu kumi, na yangu ina kumi. Ukipiga yangu huwezi kujipata wewe."

Alicheka, lakini alitaka maelezo, na alistahili. Soketi ya LGA1151 ililetwa na Intel mwaka 2015 kwa ajili ya kizazi cha 6. Mwanzoni mwa 2017 kikaja kizazi cha 7, kikakaa hapohapo bila ugomvi. Oktoba 2017 kizazi cha 8 kwa kompyuta za mezani kikaja na idadi ileile ya pini na umbo lilelile, ila ndani walibadilisha kazi za baadhi ya pini, nyingine wakazipa umeme, kwa kuwa viini sita vinakunywa zaidi ya vinne. Ndiyo maana prosesa inaingia vizuri, mkono wa chuma unafungika, na hakuna kinachowaka. Kizazi hicho kinadai madabodi yenye chipseti (chipu inayosimamia madabodi) ya familia ya 300. OptiPlex 7050 ina Q270, familia ya 200. BIOS yake nayo haimjui huyo mgeni, hata jina lake halimo. Intel wangeweza kuongeza pini moja au kusogeza mkato, watu wakajua mlangoni. Hawakufanya hivyo, na mafundi wengi duniani wamepita kwenye shimo hilohilo.

"Na RAM? DDR4 si DDR4?"

RAM ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa juu yake. Nikamsomea kibandiko: 16GB 2Rx4 PC4-2133P-RA0-10. Kisha nikamsomea cha zamani: PC4-2133P-UA0-10. "Tofauti iko wapi?" nikamuuliza. Akakaa kimya, halafu akasema, "R na U."

Herufi hiyo baada ya kistari cha pili ndiyo inayosema RAM ni ya nani. U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani. S ni ile fupi ya laptopu. R ni ya seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine: katikati yake kuna chipu ya ziada inayopokea amri na kuzigawa, na unaweza kuiona kwa macho, imekaa peke yake katikati ya mstari. Madabodi ya 7050 haizungumzi na chipu hiyo. Pini ni 288 kwa zote mbili, mkato uko mahali pamoja, kwa hiyo sloti inaikaribisha bila kinyongo. RAM za seva zinazotolewa kwenye vituo vya data zilikuwa zikiuzwa rahisi kwa sababu wenye mashine za kuzitumia ni wachache, na hapo ndipo bei iliyomfurahisha kaka ilipotokea. Kiatu cha mtumba pale soko la Memorial unakivaa, unatembea hatua tatu, unakirudisha. RAM unaijaribu ukiwa umeshalipa, tena iko mkoa mwingine.

Kadi ya grafiki hatukuizungumza sana. Ndiyo pekee iliyosema ukweli tangu mlangoni. Boksi la 7050 nyembamba linapokea kadi fupi, zenye bati la nyuma la sentimita 8 hivi, na GTX 1060 hiyo ilikuja na bati refu la sentimita 12. Hata ingeingia, inataka wati 120 na waya wake wa pini sita, wakati pawa saplai nzima ya mashine ni wati 180 na waya huo haina. Umeme wa diski wenyewe pale unatoka kwenye madabodi. Kaka akasema basi tununue pawa saplai kubwa. Ushauri huo nausikia kila wiki, na kwa kompyuta ya kuunganisha mwenyewe ni sahihi. Kwa hizi za maofisini, pawa saplai, plagi na boksi vilichongwa vikiwa pamoja: umbo si la kawaida, na plagi ya madabodi si ile ya pini 24. Kuna wanaokata waya na kuunga. Mimi siungi, hasa kwa mashine itakayowashwa kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku kwenye duka lenye karatasi kila kona.

Baada ya simu tukabaki na swali la nini kifanyike, na hapa mimi na mama hatukukubaliana. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa auze kila kitu, boksi na vyote, anunue OptiPlex 7060. Hiyo ni ya kizazi cha 8, ina chipseti ya Q370, na Windows 11 inaipokea. Mama akanitazama kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe siku ya sherehe. Hela zimeshatoka Dar, oda ziko mezani, na mashine mpya ni kuanza kuzoeana upya Desemba ikibisha hodi. Alikuwa sahihi kwa biashara yake, hata kama mimi nilikuwa sahihi kwa kompyuta.

Kijana wa stesheneri, aliyekuja kufuata mashine, akauliza kuhusu i7-7700. Swali zuri: inakubalika kwenye Q270, ina viini vinne na nyuzi nane, yaani inashika kazi nane kwa mpigo. Lakini tulishaona prosesa iliyopo haifiki nusu ya nguvu zake, na ya kizazi cha 7 isingemfungulia mlango wa Windows 11. Nikasema hapana.

Kwa hiyo tukachagua kwa kigezo ambacho kaka hakuwa nacho: kila kitakachonunuliwa leo kiweze kuhama kesho. RAM mbili za GB 8, DDR4, zenye herufi U. SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya NVMe ya GB 500, ile ya kijiti yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kwa sababu 7050 ina tundu lake kwenye madabodi na wenyewe hawakuwa wanalijua. Siku atakayonunua 7060, RAM hizo na SSD hiyo zinachomoka hapa na kuchomekwa kule. Kadi ya grafiki aiache kwanza. Grafiki iliyomo ndani ya i5-6500 ina sehemu yake ya kusoma na kufunga video, yaani kuigeuza kuwa faili la kutuma, na kadi za mwaliko za dakika moja si filamu.

Kuweka SSD kulikuwa na mawili ya kuchekesha. Skrubu yake ndogo haikuwepo, mtumba hauji na skrubu, nikatoa moja kwenye laptopu mbovu iliyokuwa chini ya meza. La pili ni BIOS. Nilipotaka kupiga Windows, orodha ya diski ilionyesha ile ya kuzunguka tu, SSD hakuna. Fundi mgeni hapo angeirudisha dukani akidai ni mbovu. Dell nyingi za aina hii huja na mpangilio wa diski uitwao RAID kwenye kipengele cha SATA ndani ya BIOS, na kisakinishi cha Windows kinakuwa kipofu kwa NVMe. Nikageuza kuwa AHCI, mpangilio wa kawaida, ikaonekana. Ila anayefanya hivyo kwenye mashine yenye Windows iliyokwisha kukaa ajiandae: ukigeuza ghafla, inaanguka na skrini ya bluu. Sisi tulikuwa tunapiga upya, kwa hiyo halikutuhusu. Diski ya zamani nikaiacha ndani kama kabati la faili za wateja.

Zile RAM za zamani nikazirudisha pia, kila jozi kwenye rangi yake ya sloti, jumla GB 24.

Mashine iliyokuwa inachukua zaidi ya dakika tatu kufika mahali pa kubofya kitu, sasa ilifika kabla mama hajamaliza kuvuta kiti. Akafungua vyote vilevile vya siku ile, Photoshop, kivinjari, kadi ya video. Diski ikaruka kidogo na kushuka. Prosesa ikapanda mpaka asilimia 80 na ushee wakati wa kufunga video, na hapo nikafurahi, kwani hatimaye ilikuwa inafanya kazi yake badala ya kusubiri. Kwa upande wa usalama tukaiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Windows 10 unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Tarehe hiyo ameiandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani, juu ya mashine ya fotokopi.

Vya Dar vikabaki. Muuzaji wa kule aligoma kupokea, kwa maneno yale yaliyochapwa chini ya risiti nyingi kwamba mali ikishauzwa hairudi. GTX 1060 ilimpata kijana wa Majengo mwenye boksi kubwa na pawa saplai ya kawaida; mama hakupata hasara kubwa hapo. RAM za seva bado ziko kwenye droo yangu, nangoja mwenye seva.

Prosesa nilikaa nayo wiki sita. Sikujua kama ni nzima, maana iliwashwa mara mbili kwenye madabodi isiyo yake, na mimi sikuwa na mashine ya kuijaribia. Katikati ya Desemba mwalimu mmoja kutoka Himo akaleta OptiPlex 7060 yenye i3-8100, anataka iongezewe nguvu kidogo. Nilifungua, nikahakikisha chipseti ni Q370, nikampigia mama, tukaelewana bei. Nikaitoa i5-8400 kwenye bahasha ileile ya kaki, nikamulika soketi kwa upande, mng'ao ulikuwa mzima kona hadi kona. Nikailaza, nikafunga mkono wa chuma, pesti, bonge la kupozea, feni. Mwalimu alikuwa anakunywa chai. Nikabonyeza kitufe, taa ikawa nyeupe, na kwenye skrini ikaandikwa i5-8400.